Kunyumbulika si kunyamaza: kuyaelewa mabadiliko ya kazini

Ujumbe unaingia saa 4 usiku kwenye grupu la WhatsApp la ofisi: “Kesho saa 2 asubuhi kikao cha wafanyakazi wote. Mahudhurio ni lazima.” Basi, usiku umeshaharibika. Mmoja anampigia mwenzake wa uhasibu kuuliza kama amesikia lolote. Mwingine anakumbuka kuwa wiki iliyopita wageni wawili wenye kompyuta mpakato walizunguka ofisini wakihesabu meza. Kufika asubuhi, kabla mkurugenzi hajafungua mdomo, habari imeshakamilika: watu wanapunguzwa. Kikao chenyewe kinachukua dakika 25. Yanasemwa “muundo mpya”, “tuendane na kasi ya teknolojia”, “kila mmoja awe tayari kubadilika”. Watu wanapiga makofi, wanatoka, na kila mmoja anaondoka na tafsiri yake.

Nimekaa kwenye vikao vya aina hiyo mara kadhaa hapa Dar es Salaam, na siamini kwamba tatizo ni watu kukataa kubadilika. Jiji hili limejaa watu wanaobadilika kila siku. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, daladala za barabara ile ziliondolewa zikapangiwa njia nyingine, na madereva na makonda wakajifunza upya vituo, abiria na foleni za upande mwingine wa mji. Tatizo ni kwamba neno “mabadiliko” linabebeshwa mambo mengi kwa wakati mmoja. Mtu anaambiwa awe tayari, lakini hajaambiwa awe tayari kwa lipi.

Neno moja, mambo manne

Mabadiliko mepesi kuliko yote ni ya namna ya kufanya kazi. Kazi ni ileile, mshahara ni uleule, ila daftari limeondoka na kompyuta imeingia. Majalada ya masijala yamehamia kwenye mfumo, na fomu iliyokuwa ikisainiwa na watu watano sasa inasainiwa na wawili. Hapa mwajiri ana uwanja mpana wa kuamua, na mfanyakazi anatarajiwa kujifunza. Mengi yanayosemwa siku hizi kuhusu akili mnemba ofisini yanaangukia hapa, ingawa watu wakilisikia neno hilo tu wanaruka moja kwa moja kwenye kufukuzwa.

Mabadiliko ya masharti ya ajira ni jambo zito zaidi: saa za kazi, zamu, cheo, kituo, malipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Yakibadilika, mwajiri anatakiwa ayarekebishe kwa kushauriana na mfanyakazi, kisha amjulishe kwa maandishi. Kwa hiyo sentensi iliyotupwa mwishoni mwa kikao, kwamba “kuanzia Jumatatu baadhi yenu mtaingia usiku”, bado haijakamilika. Sheria inahesabu usiku kuwa saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na inataka nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa moja kwa kila saa ya usiku huo. Anayeuliza kuhusu nyongeza hiyo hana uroho wala ukaidi. Anataka kujua kazi mpya aliyopewa inaanzia wapi na kuishia wapi.

Kuna pia mabadiliko ya wenye mamlaka: mmiliki mpya, idara mbili kuunganishwa, makao makuu kuhama. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF iliunganishwa ikawa mfuko mmoja, PSSSF. Miaka miwili kabla ya hapo, uamuzi uliokuwepo tangu 1973 wa kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma ulianza kutekelezwa kwa kasi. Waliokuwa wizarani Dar wakati ule wanakumbuka kwamba maswali yaliyowanyima usingizi hayakuwa yale ya kwenye waraka. Yalikuwa ya nyumbani: mtoto anamalizia wapi muhula, mume anayefanya kazi Kurasini anabaki na nani, nyumba ya Tabata iliyofika kwenye linta inasimamiwa na nani.

La nne ndilo linaloogopwa, kupunguzwa kazi, ambako wengi bado wanakuita ridandasi. Hapa sheria imeweka njia yake. Mwajiri anapofikiria tu kupunguza watu, anatakiwa atoe taarifa ya kusudio hilo, atoe maelezo yanayohitajika, na ashauriane na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe. Mashauriano hayo yanahusu sababu, njia za kuepuka au kupunguza makali, vigezo vya nani aondoke, muda na malipo. Wasipoelewana, suala linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA. Aliyetumikia miezi 12 mfululizo au zaidi anastahili kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10.

Kuna kipengele kimoja ambacho watu wengi hawakijui. Mfanyakazi anayepunguzwa, akapewa kazi mbadala, na akaikataa bila sababu ya msingi, hana haki ya kiinua mgongo hicho. Maana yake sheria yenyewe inategemea pande zote mbili zinyumbulike. Mwajiri atafute njia nyingine kabla ya kukata, na mfanyakazi aipime kwa haki njia anayoonyeshwa.

Ukishajua uko kwenye lipi kati ya haya manne, nusu ya hofu inapungua. Wengi hufanya kinyume: wanajibu la kwanza kwa hofu ya la nne, au wanalipokea la pili kwa wepesi wa la kwanza, kisha wanashtuka mwisho wa mwezi.

Vyombo vinahama siku moja

Mmarekani mmoja, William Bridges, aliyetumia miaka mingi kuyachunguza mambo haya, alitenganisha vitu viwili ambavyo sisi huvichanganya. Kuna badiliko, yaani tukio lenyewe, na kuna mpito, yaani safari ya mtu moyoni mpaka alizoee. Badiliko lina tarehe. Mpito hauna.

Aliyewahi kuhama kutoka Sinza kwenda Chanika analijua hili bila kufundishwa. Kirikuu inabeba vyombo vyote kwa siku moja. Lakini kwa wiki nzima unarudi toka kazini umechoka, miguu inakuvuta kwenye kituo cha zamani. Hujui duka la karibu, hujui nani mwenye mkokoteni wa maji, hujui usiku mbwa wa nani anabweka. Hakuna atakayesema wewe ni mkaidi wa kuhama. Umeshahama, ila bado hujafika.

Ofisini huruma hiyo inakosekana. Mfumo mpya umewashwa Jumatatu, na Jumatano mtu anaitwa “mgumu wa kubadilika” kwa sababu amechelewesha ripoti. Msimamizi anasahau kwamba yeye alianza kuufikiria mfumo huo miezi sita iliyopita, akiwa kwenye vikao ambavyo huyu wa chini hakualikwa. Yeye amefika Chanika zamani na kujua mpaka jina la muuza mkaa. Mwenzake ndiyo kwanza anashusha godoro.

Ukindu hulowekwa kwanza

Kunyumbulika ni nini, basi? Mtazame mama anayesuka mkeka. Ukindu mkavu akiukunja, unakatika. Anaulowesha kwanza, na maji yakishaingia ndipo unapokubali kupita juu, chini, juu, chini, hadi ukili unatoka. Ukindu ni uleule. Maji ndiyo yaliyoongezeka. Kazini maji hayo ni taarifa: nini kinabadilika, kwa nini, lini, na mimi nakaa wapi. Mtu mwenye taarifa hupinda. Asiye nazo hukatika, au hujikausha asiguswe kabisa.

Ndiyo maana siyapi nafasi mafunzo yanayomwambia mfanyakazi “kuwa na mtazamo chanya” halafu yakaishia hapo. Hayo ni kumlaumu ukindu.

Konda mzuri analijua hili kuliko maofisa wengi. Gari la Makumbusho kwenda Tegeta likijaa, konda wa kwanza anakaa kimya, anakusanya nauli kamili, akifika Mwenge anagonga bodi: “Mwisho hapa, tunageuza.” Ni vita. Konda wa pili anasema mapema, kabla gari halijaondoka stendi: “Jamani, leo mwisho Mwenge, mbele Africana foleni imefunga. Anayepanda apande kwa nauli ya Mwenge.” Wapo watakaonung’unika, wapo watakaoshuka, wengine watapanda wakijua watatafuta bajaji kutokea pale. Ruti imekatishwa kwa wote wawili. Abiria wa gari la pili wamepata nafasi ya kupanga safari yao.

Nilichokiona kwa macho yangu

Mwaka 2014 Forodha walipotoka kwenye mfumo wa kompyuta wa ASYCUDA++ na kuingia mpya wa TANCIS, nilikuwa nafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya wakala wa forodha karibu na bandari. Sitaitaja. Tulikuwa na mzee mmoja, karani wa siku nyingi, ambaye nyaraka za mzigo alizisoma kama mtu anavyosoma barua ya mwanawe. Alikuwa na rula ya chuma. Aliishusha mstari kwa mstari kwenye hati ya shehena, na ikisimama, ujue kuna kosa.

Mfumo mpya ulipokuja, mafunzo walipelekwa vijana watatu. Mzee hakuambiwa haendi. Hakuambiwa anaenda lini. Alisikia kwa mhudumu wa chai. Asubuhi tulipomwamkia “Shikamoo, mzee”, aliitikia “Marahaba” bila kuinua kichwa, na ile rula ikawa inalala kwenye droo. Sisi tukasema amekuwa mgumu, hataki kompyuta. Na mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema hivyo.

Wiki kama ya tatu, likaja kontena la vigae. Hati ya shehena ilisema paleti 20. Ankara ilisema katoni 800. Kijana akaingiza 800 kwenye mfumo, na idadi ikagoma kulingana na ya kwenye manifesti, yaani orodha ya mizigo ya meli. Kurekebisha kukachukua siku, kontena limekaa bandarini linakula storeji, na mwenye mzigo anapiga simu kila baada ya saa moja. Jioni ile bosi alipouliza mbele ya wote nani aliipitia hati, mzee akajibu kwa sauti ya chini: “Mimi niliona. Lakini sikuulizwa.”

Nimelifikiria jibu hilo kwa miaka. Mzee alikosea, hilo lazima niliseme. Mwenye ujuzi anayeliona shimo na kunyamaza ana sehemu yake ya lawama. Lakini ukimya ule ulifundishwa na wale waliompita mezani kama kabati. Mfanyakazi anayesema “sawa bosi” kwa kila kitu anaonekana ananyumbulika. Mara nyingi ameshaondoka, kimebaki kiti.

Namna ya kuuliza

Kiswahili chetu kina hatari yake hapa. “Kwa nini?” ikielekezwa kwa mkubwa hugonga kama shutuma, hasa mbele za watu. Aliyekulia Pwani anajua kuna mlango mwingine: “Samahani bosi, naomba kueleweshwa.” Maana ni ileile, ila umempa mwenzako nafasi ya kueleza badala ya kujitetea. Na kama mkubwa wako ana haraka ya hasira, subiri kikao kiishe umfuate peke yake. Hilo haliondoi uzito wa swali lako.

Liweke swali liwe dogo na lenye kazi ya kesho. “Hatima yetu ni nini?” halijibiki. “Ripoti ya Ijumaa naipeleka kwa nani sasa, kwako au kwa meneja mpya?” linajibika, na jibu lake litakueleza mengi kuhusu hatima. Ukipata jibu la mdomo, liandike upate uhakika: “Asante kwa maelezo ya leo. Nimeelewa kuwa kuanzia tarehe 1 nitaripoti kwa fulani, na majukumu mengine yanabaki. Kama nimeelewa vibaya naomba nirekebishwe.” Mistari mitatu kwenye barua pepe. Imewaokoa wengi, wakiwemo mabosi wenyewe.

Kuna jibu moja linalohitaji kupokelewa kwa adabu na kushikiliwa: “Suala linafanyiwa kazi.” Sote tumelisikia, na wengi tumelitumia. Si lazima liwe uongo. Mara nyingi anayelisema hajui na anaona aibu kukiri. Mjibu hivi: “Nashukuru. Tukumbushane lini?” Ukipata siku, umepata jibu.

Kwa walio wasimamizi wa kati nina neno zaidi, maana wao wanabanwa juu na chini. Waambie watu mambo matatu bila kuyachanganya: ninachokijua, nisichokijua, na siku nitakayorudi kuwaambia nilipofikia. Halafu siku hiyo rudi, hata kama huna jipya. “Leo ni Ijumaa niliyoahidi. Bado sijapata jibu kuhusu zamu. Nitarudi Jumatano.” Maneno hayo yanaonekana matupu kwa anayeyasema, na yana thamani kubwa kwa anayeyangoja. Pasipo hayo, grupu la WhatsApp litajaza pengo, na mtu atawatolea methali ya “lisemwalo lipo, kama halipo laja” kana kwamba ni ushahidi. Methali hiyo inatuambia tusipuuze fununu. Haijasema tuisambaze kabla hatujamuuliza anayehusika.

Yanayoaminika na hayako hivyo

Kwenye semina nyingi utaambiwa asilimia 93 ya mawasiliano si maneno, kwamba sauti na uso ndivyo vinavyobeba ujumbe. Takwimu hiyo inatokana na majaribio ya Albert Mehrabian wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, yaliyochapishwa 1967. Yalihusu namna tunavyotambua kama mtu anatupenda au hatupendi pale neno moja linapopingana na sauti au sura yake, na mwenyewe alieleza kwamba hesabu ile haihusu mawasiliano yote. Hakuna tabasamu litakalokueleza kituo chako kipya kiko Mbezi au Mbagala. Wakati wa mabadiliko maneno ndiyo mzigo, na yaliyoandikwa ndiyo mzigo uliofungwa vizuri.

Lingine ni la umri. “Samaki mkunje angali mbichi,” tunasema, na kuwaacha wazee nje ya chumba cha mafunzo. Methali ile ni ya malezi ya mtoto. Mtu aliyefanya kazi bandarini tangu enzi za karatasi za kaboni ameshabadilika mara nyingi kuliko kijana aliyeanza na simu janja. Anachohitaji ni kuonyeshwa mara mbili bila kuchekwa.

Halafu kuna la kusaini. Wengi hudhani kusaini barua ya mabadiliko kuwa umeipokea ni kuikubali, kwa hiyo wanakataa kuishika kabisa, na hapo wanaonekana wakorofi bila faida yoyote. Ipokee. Andika “Nimepokea”, tarehe, saini, na ubaki na nakala. Kama hukubaliani, jibu kwa maandishi ukieleza wapi na kwa nini. Kosa liko upande mwingine: kuendelea na masharti mapya kwa muda mrefu bila kusema neno. Ukimya huo unaweza kutafsiriwa kuwa umekubali. Na kama limefika kwenye kuachishwa na unaona si haki, hesabu siku zako, kwa sababu lalamiko la kuachishwa kazi linatakiwa kufika CMA ndani ya siku 30. Ofisa wa tawi la chama chako, kama chama kipo, afuatwe mapema, si siku ya 29.

Yule mzee wetu alikaa miaka mingine kadhaa. Ofisi ilipoamua kununua programu yake ya kufuatilia mizigo ya wateja, safari hii bosi alimwita kwanza, akamvutia kiti mbele ya mtu wa programu. Mzee akatoa rula yake. Aliuliza maswali saba, taratibu, akishusha rula kwenye karatasi aliyoandika usiku nyumbani. Matano yalipata majibu palepale. La sita lilikuwa hili: mzigo mmoja ukiwa na ankara mbili, unaingizwaje? Mtu wa programu akatazama skrini, akatazama tena, akasema hilo hawakulifikiria. La saba halikupata jibu pia.

Uzinduzi ukasogezwa wiki moja mbele, na Jumatatu ya wiki iliyofuata kijana yule wa vigae na mzee walikaa kwenye kompyuta moja, mmoja akiandika, mwingine akisoma.